Orodha ya mizigo ya Tiro

Nilipoingia bandari ya Kilindini, Mombasa, mara ya kwanza, mwaka 1991, nilikuwa na kitabu cha tali kwapani na penseli mbili alizonichongea mjomba wangu kule Wundanyi kabla sijapanda basi. Kazi ya karani wa tali ni kuhesabu. Unasimama mdomoni mwa ngama, tumbo la meli, winchi inavuta, slingi inapanda na magunia yake, nawe unayahesabu yakiwa yananing'inia hewani. Unachora vijiti vinne, cha tano unakilaza juu yao. Kule chini gatini yuko karani mwingine anahesabu magunia yale yale. Shifti ikiisha mnakaa mnalinganisha vitabu, na hesabu zikikataana hakuna aendaye nyumbani.

Palikuwa na sharti moja kali kuliko yote: ukikosea, hufuti. Unapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya namba uliyokosea ili bado isomeke, unaandika iliyo sahihi kando yake, unatia sahihi yako. Karani aliyekutwa na kifutio mfukoni alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Naeleza haya kwa sababu mwezi uliopita, katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Mikindani, nilipewa zamu ya kufundisha Ezekieli sura ya 27 na ya 28. Nilikuwa nimezisoma zamani, kama mtu anavyosoma akingoja usingizi. Safari hii nilizifungua mezani, taa imewaka, na nilipofika katikati ya sura ya 27 nikajikuta nimeshika penseli. Ile sura ni orodha ya mizigo.

Nabii ameuchora mji wa Tiro, ulioko Lebanoni ya leo, kama merikebu. Mbao zake za mberoshi zimetoka Seniri, mlingoti wake ni mwerezi wa Lebanoni, makasia yake ni mialoni ya Bashani. Tanga lake ni kitani ya Misri iliyotiwa nakshi. Wapiga makasia wametoka Sidoni na Arvadi. Na wazee wa Gebali, mafundi wenye akili, wamo ndani yake wakitia kalafati. Neno hilo hilo limo katika Biblia yetu ya Kiswahili: kalafati. Nililipata nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Mtu aliyekulia Pwani hahitaji kuelezwa. Nimewaona mafundi kule Mji wa Kale, pale majahazi yanapopandishwa maji yakitoka, mzee amechuchumaa ubavuni mwa chombo, pamba iliyolowa mafuta mkononi, patasi butu na nyundo ya mti, anaishindilia pamba kwenye mshono wa mbao, kofi kwa kofi. Ukimpita asubuhi yuko pale, ukirudi alasiri amesogea hatua mbili. Jahazi lote linaelea kwa kazi ya yule mzee, na abiria hamjui.

Baada ya chombo inafuata shehena. Tarshishi wanaleta fedha, chuma, bati na risasi. Togarma wanaleta farasi na nyumbu. Dedani wanaleta pembe na mpingo. Yuda na Israeli wanaleta ngano ya Minithi, asali, mafuta na zeri. Dameski, divai ya Helboni na sufu nyeupe. Kedari, wana-kondoo, kondoo dume na mbuzi. Sheba na Raama, manukato, vito na dhahabu. Pembe na mpingo! Hivyo ni vitu vya kwetu. Kila siku watu wanapita chini ya zile pembe kubwa za Barabara ya Moi, na ingawa ni za aluminiamu, zinakumbusha ni nini kilichopitia kisiwani humu kwa mamia ya miaka.

Na Tiro nao ulikuwa kisiwa. Hilo watu wa Nairobi wanaweza kulipita, lakini mtu wa Mombasa hawezi. Kisiwa kimoja karibu na pwani, bandari mbili: moja kaskazini ikitazama Sidoni, nyingine kusini ikitazama njia ya Misri. Sisi tuna Bandari ya Kale upande mmoja na Kilindini upande wa pili. Utajiri wao mwingine ulitoka kwa konokono wa baharini, aliyetoa rangi ya zambarau, na walihitaji maelfu ya konokono kwa vazi moja. Wafalme wa nchi nyingi walivaa jasho la watu wa Tiro. Huo ni ufundi wa kweli.

Jambo la kwanza nililowaambia wenzangu ni hilo: nabii anauona uzuri wa kitu kile. Ezekieli alikuwa mateka. Alichukuliwa Babeli pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 KK, akakaa kando ya mto Kebari, kuhani asiye na hekalu. Mtu wa namna hiyo angeweza kuutazama mji wa matajiri akautemea mate. Yeye ameandika aina ya mbao. Amejua nani anatia kalafati. Hakuna mahali katika sura ile anaposema kununua na kuuza ni dhambi, wala kwamba sufu nyeupe ni anasa mbaya. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeshasikia mahubiri mengi mjini humu yanayomfanya kila mwenye duka kuwa mwizi, na mengine mengi zaidi yanayomfanya kila mwenye gari kuwa mpenzi wa Mungu. Ezekieli hayumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Lakini nilipofika mstari wa 13 penseli ilisimama. Uyunani, Tubali na Mesheki walileta wanadamu na vyombo vya shaba. Wanadamu, vyombo vya shaba, kisha orodha inaendelea na farasi. Mtu aliyehesabu magunia mchana na usiku anajua mkono unavyozoea. Ukifika gunia la mia tatu huoni tena gunia, unaona kijiti. Sisi hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Ukivuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni unafika Kengeleni, na jina lile limetokana na kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele iligongwa ili watu wajihadhari na wauza watu. Leo makanga wananing'inia mlangoni mwa matatu wakiita "Kengeleni, Kengeleni", akina mama wanashuka na mifuko yao ya mboga, na mimi mwenyewe nimeshuka pale mara nyingi nisikumbuke chochote. Kila mmoja wa wale waliokimbilia kengele ile alikuwa ameshakuwa kijiti katika kitabu cha mtu.

Sura ya 28 inarudi pale pale: kwa wingi wa biashara yako, moyo wako ukajaa udhalimu. Naye Amosi, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Ezekieli, aliwashitaki watu wa Tiro kwa kuwatia watu, taifa zima, mikononi mwa Edomu, wasikumbuke agano la ndugu. Ndugu, maana Hiramu mfalme wa Tiro ndiye aliyempelekea Sulemani mierezi na mafundi wa kujenga hekalu.

Katika sura ya 28 nabii anamgeukia mkuu wa Tiro, na maneno ya kwanza ni kwamba moyo wake umeinuka. Anajiambia ameketi katika kiti cha Mungu, kati ya bahari, naye ni mwanadamu. Halafu linakuja jambo ambalo lilinikalisha macho hadi saa sita usiku. Ezekieli anakubali kwamba mtu huyu ana akili. Kwa hekima yako umepata utajiri, anamwambia, kwa hekima yako nyingi na kwa biashara yako umeuongeza, na moyo wako umeinuka kwa sababu ya utajiri wako. Pale hamwambii kwamba ni bahati tu, au kwamba ameiba. Akili ilikuwa ya kweli, kazi ilikuwa ya kweli, faida ilikuwa halali kwa sehemu kubwa. Moyo uliinuka juu ya kitu cha kweli. Ndiyo maana ugonjwa huu haujulikani mapema. Mwenye nao akijipima anakuta ushahidi.

Kesho yake ofisini nilimsomea bosi wangu aya zile. Ni binti wa Mji wa Kale, Mwislamu, umri wake ni sawa na wa kifungua mimba wangu. Aliziba kalamu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ami, huyo ni Karuni," akasema.

Akanieleza vile anavyosomwa katika Kurani: mtu wa kaumu ya Musa aliyekuwa na hazina nyingi hata funguo zake peke yake zilikuwa mzigo kwa kundi la watu wenye nguvu. Watu wake wakamwambia asijigambe, akajibu kwamba amepewa mali ile kwa sababu ya elimu aliyo nayo. Ardhi ikammeza, yeye na nyumba yake. "Kwa sababu ya elimu niliyo nayo," akarudia polepole. "Lile neno lilimponza."

Kwenye ushirika, jioni yenyewe ilipofika, wazee wawili walitaka tukae kwenye ile sehemu ya kerubi na bustani ya Edeni, kama anayesemwa ni Shetani au mfalme wa Tiro. Sina ugomvi na wanaosoma hivyo, ni usomaji wa zamani sana. Ila naona tunamkimbilia Shetani upesi mno. Akishakuwa Shetani, sote tunapumua, maana si sisi. Mimi nilitaka tubaki na mfanyabiashara.

Na zaidi nilitaka turudi nyuma sura moja, kwenye 26, maana huko ndiko kosa linakotajwa kwanza, na ni kosa ambalo hakuna aliyelitarajia. Yerusalemu umeanguka. Habari zimefika Tiro. Na Tiro unasema: Aha! Lango la mataifa limevunjika, limenigeukia mimi, sasa nitajazwa kwa kuwa yeye amekuwa ukiwa.

Hilo tu. Bidhaa iliyokuwa ikipita kwa jirani sasa itapita kwangu.

Tuna methali tunayoipenda sana mjini humu: aliye juu mngoje chini. Nimeisikia bandarini, nimeisikia kwenye foleni ya feri ya Likoni, nimeisikia msibani. Kila nikiisikia sasa naona mtu amekaa chini anangoja, shingo ameikunja kutazama juu, na siku mwenzake akishuka atasema Aha. Methali imetungwa kumwonya mwenye kiburi, nami siipingi. Lakini kinywani mwa anayengoja inageuka kuwa kiburi chenyewe. Tiro hawakuwa juu ya Yerusalemu siku ile. Walikuwa kando, wakihesabu.

Sasa nieleze kwa nini mimi nalijua neno lile.

Mwaka 1998 mzee mmoja wa Mji wa Kale alinitoa bandarini akaniajiri katika ofisi yake ya klaringi, ya kuwatolea wateja mizigo forodhani, ghorofa ya pili, karibu na zile pembe. Mimi Mtaita, Mkristo, sikuwa na cheti chochote isipokuwa mwandiko mzuri. Alinifundisha kusoma hati ya shehena kama mtu anavyofundishwa chuoni, herufi kwa herufi. Alikuwa akiona kosa hanikemei mbele ya watu. "Ndoo uone," angeniita, kisha angeweka kidole chake pale penye kosa akae kimya mpaka nilione mwenyewe. Alinilipia ada ya mtihani wa uwakala wa forodha. Mke wangu alipojifungua, nyumbani kwake ndiko ulikotoka uji kwa siku arobaini.

Mwaka 2006 nilifungua ofisi yangu. Aliniombea dua. Mambo yakaninyookea. Nilijua kazi, hilo sitalikana, na mfumo wa kompyuta ulipokuja mimi nilikuwa mwepesi kuujua kuliko yeye. Kufikia 2012 nilikuwa na wafanyakazi 11, Prado, na kiwanja Mtwapa. Niliacha kwenda bandarini mwenyewe. Nilianza kusema "mimi" mara nyingi katika sentensi moja, mke wangu aliniambia, nami nikadhani ananionea wivu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa hotelini Mwembe Tayari na mawakala wenzangu wawili, sahani ya pilau mbele yangu, bilauri ya maji ya ukwaju. Simu ikaita. Mzee amepooza upande mmoja, amekimbizwa hospitali. Nikaweka simu chini, nikawaambia wenzangu. Halafu nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Basi wateja wake watakuja kwangu."

Mmoja akacheka kidogo. Nikamaliza pilau. Nikaagiza ukwaju mwingine.

Nilikwenda kumwona baada ya wiki tatu na machungwa na maembe, na tayari wateja wake wawili walikuwa wameshaingia katika daftari langu.

Anguko langu lilikuja miaka miwili baadaye na halikuwa na umeme wala tetemeko. Kontena sita za vigae, mteja mkubwa kuliko wote niliokuwa nao. Kijana wangu mmoja wa Kwale, aliyekuwa hajatimiza mwaka kazini, akaja na karatasi mbili mkononi. "Bosi, hesabu ya makatoni haikubali. Orodha ya upakizi inasema hivi, hati ya shehena inasema vile." Nilikuwa kwenye simu. Nikafunika simu kwa kiganja nikamuuliza alizaliwa mwaka gani. Akajibu. Nikamwambia mwaka huo mimi nilikuwa nahesabu meli. Nikatia sahihi bila kusoma. Yeye alikuwa sahihi. Mizigo ilikamatwa, ikalala siku 47, storeji ikipanda kila asubuhi na dimareji, ada ya kuchelewesha kontena, juu yake, mpaka gharama zikakaribia bei ya vigae vyenyewe. Mteja akaondoka na wenzake wanne. Benki haikungoja. Mwaka 2015 nilirudisha funguo za ofisi. Prado ilikuwa imeshauzwa, kiwanja cha Mtwapa kikafuata.

Aliyeniajiri tena mwaka 2016 ni binti wa yule mzee. Ile ofisi haikuwa imekufa kama nilivyodhani ingekufa. Yeye alikuwa ameishika, polepole, kwa wateja wachache waliobaki. Mzee alikuwa amepata nafuu ya kusema maneno machache, na kila Alhamisi aliletwa akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, mkongojo kati ya magoti. Karibu mwaka mzima nilifanya kazi mbele ya macho yake. Kila Alhamisi nilijiambia nitamwambia. Wakati mwingine aliniita kwa mkono wake mzima, akaweka kidole kwenye karatasi, akangoja. Alifariki mwaka 2017. Nilifuata maziko mpaka makaburini nikiwa nyuma kabisa, na neno lile la hotelini lilikuwa bado kinywani mwangu.

Kwa hiyo nilipofika kwenye "Aha" ya Tiro, sikuwa nasoma habari za Lebanoni.

Tazama sasa nabii anafanya nini. Mji ulioshangilia kuanguka kwa mji wake, Yerusalemu, penye hekalu na kaburi la baba zake, anaambiwa auimbie. Sura ya 27 yote ni wimbo wa maombolezo. Zile mbao, tanga, kalafati, yote yametajwa kama mtu anavyotaja mambo ya marehemu: alikuwa hivi, alipenda hivi. Kisha upepo wa mashariki, matlai, unaivunja merikebu katikati ya bahari. Mali, mizigo, mabaharia, manahodha, watia kalafati, wote wanatumbukia. Wazee wa Gebali nao, ambao hawakusema Aha yoyote. Hilo linaniuma kila nikilisoma. Wafanyakazi wangu 11 nao walikuwa na watoto, na yule kijana wa Kwale ndiye aliyekuwa amesema kweli. Wapiga makasia wa nchi nyingine wanashuka pwani, wanajitia mavumbi kichwani, wanalia. Ezekieli hakuwa na Aha. Alikuwa na machozi, kwa ajili ya watu waliomcheka.

Jambo la mwisho liko katika sura ya 29, na nadhani ni nadra kuhubiriwa. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuzingira Tiro. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasema kwa miaka 13. Sisi tunaojua habari za Ngome ya Yesu ya hapa Mombasa, iliyozingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na jinsi watu walivyokwisha mle ndani, tunaweza kupiga picha ya miaka 13. Na mwisho wake? Ezekieli alikuwa ametangaza kwamba majeshi yale yatateka mali na kupora bidhaa. Katika mwaka wa 27 wa uhamisho, siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, anaandika kwamba Nebukadreza alifanya kazi kubwa juu ya Tiro, kila kichwa kikapata upaa na kila bega likachunika, na hakupata ujira wowote, yeye wala jeshi lake. Atapewa Misri badala yake.

Kichwa chenye upaa na bega lililochunika. Nimeyaona mabega hayo kwa makuli wa zamani, ngozi imekuwa ngumu na nyeusi pale gunia linapokaa, na utosini nywele zimekwisha kabisa. Kisiwa kile kilikuja kutekwa kwa nguvu mwaka 332 KK na Aleksanda Mkuu, aliyekizingira kwa miezi saba, akijaza mawe na vifusi baharini ili apate njia ya kukifikia. Mchanga ukakusanyika juu ya njia ile, na Tiro ya leo, inayoitwa Sur, si kisiwa tena. Napita Makupa, pale bara inapoungana na kisiwa chetu, kila asubuhi, nalifikiria jambo hilo.

Lakini kilichonishika ni ile tarehe. Ni tarehe ya mwisho kabisa kati ya tarehe zote za kitabu cha Ezekieli. Nabii angeweza kuirudia sura ya 26 akairekebisha kimyakimya, akaondoa uporaji, hakuna ambaye angejua. Ameiacha isomeke vile vile. Akaandika kando yake kilichotokea, akaweka siku, mwezi na mwaka.

Nilifundisha mpaka hapo, tukaomba, tukanywa chai. Asubuhi iliyofuata niliwahi ofisini. Bosi wangu alipoingia nilimwomba afunge mlango, nikamwambia. Jumanne, saa saba, Mwembe Tayari, pilau, maneno yenyewe kama nilivyoyasema, na kicheko cha mwenzangu.

Alikaa kimya muda mrefu. Gari la maji lilikuwa likilia honi kule chini.

"Saa saba," akasema, "nilikuwa nimemshika mkono ule uliolala. Nilikuwa naufinya nione kama atausikia."

Sikuwa na la kusema. Nilimwambia kwamba ningependa kuliandika, watu wasome.

"Andika, Ami. Jina la Baba usilitaje."

Siku mbili hakuniita Ami. Aliniambia yaliyohusu kazi, akanijibu salamu, akaenda zake. Siku ya tatu, ilikuwa Alhamisi, akatoka chumbani kwake na daftari la ghala, akaliweka mezani pangu, akatia kidole kwenye uzito wa mchele wa shehena ya Jumatatu, akasimama pale kimya. Ilinichukua muda kuliona. Nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili. Nikapitisha mstari mmoja juu ya namba ile, nikaandika iliyo sahihi kando yake, nikatia sahihi.